Glavu Zinazoomba Mkate

Mgeni aliingia kwa mlango wa mizigo, ambao wageni hawautumii, akasimama katikati ya rafu za glavu huku mikono ameificha kwapani kama mtu anayesikia baridi. Korogwe hakukuwa na baridi. Jua la Machi lilikuwa limeshapanda, na feni ya kituo ilikuwa inahamisha joto kutoka kona moja kwenda nyingine.

"Shikamoo mzee," nikasema. "Mapokezi ni kule mbele."

"Marahaba, mwanangu. Mapokezi kuna mashine inayouliza maswali. Mimi nina ombi, sina majibu."

"Ombi gani?"

"Nimekuja kuazima mikono yangu."

Nilitabasamu nikidhani ni utani. Yeye hakutabasamu. Alitoa mikono kwapani akaiweka juu ya meza yangu. Ilikuwa mikubwa, ina makovu ya moto, na kidole gumba cha kulia kilikuwa kimepinda. Lakini ililala pale mezani kama mikono ya mtu aliyesinzia.

"Hizo glavu zako za mabomba," akaniuliza, "bado zinaomba mkate?"

Niliiweka chini chupa ya mafuta niliyokuwa nayo. Jambo lile walilijua watu wa kikosi tu. Vijana wetu walikuwa wanavaa glavu za Hazina ya Mikono, shirika letu, bila kusomea mabomba hata siku moja, na mara tu wakizivaa, vidole vyao vilijua kukata, kuunga na kulehemu. Ila katikati ya kazi, bila onyo, mkono ulikuwa unanyooka wenyewe kwenye sanduku la vifaa na kupapasa. Ulikuwa unatafuta mkate. Mkate mweupe, sehemu laini ya ndani, na usipoupata unabaki unaning'inia hewani ukingoja, kama mtoto aliyeahidiwa. Wakubwa wa makao makuu waliziita hizo tabia za chanzo, wakazichuja. Kazi ya asubuhi moja ikaanza kula siku nzima. Wakazirudisha kimyakimya. Tangu hapo kikosi chetu hakikutoka bila boflo, na kiongozi wao, Mbwambo, alipenda kusema kwamba fundi aliyezaa glavu zile lazima alikufa na njaa.

"Wanasema ulikufa na njaa," nikamwambia.

Hapo ndipo alipocheka. Alicheka mpaka akashika kiti.

"Waambie nilikula vizuri! Mkate ni wa maji. Unataka kulehemu bomba la shaba, koki ya barabarani imechoka, haifungi sawasawa, matone yanakuja. Bomba likiwa na maji risasi ya kulehemu haishiki, hata uchome mpaka jioni. Basi unasokomeza nyama ya mkate ndani. Inakunywa yale matone, wewe unalehemu upesi. Ukifungua maji, mkate unalowa, unamumunyuka, unatoka bombani wenyewe. Nilifundishwa na fundi mmoja wa shamba la mkonge. Alikuwa anakula, akamega kipande akakitia kwenye bomba, akaendelea kula."

"Na ile ya kulipiga bomba makofi mawili kabla ya kuondoka?" Swali hilo nilikuwa nalo tangu nilipopangiwa kituo hiki. Kila aliyevaa glavu zile alipiga makofi mawili mepesi kwenye bomba akimaliza. Hata mimi nilipozijaribu nilipiga.

"Hiyo haina kazi," akasema. "Ni kuaga tu."

Nikamvutia kiti. Akaniambia anaitwa Shembilu, anakaa Manundu, ng'ambo ya reli.

"Kwenye tangi lako la ujuzi sina jina, sivyo?"

"Una namba, mzee."

"Namba si mbaya," akasema. "Hata gari lina namba." Lakini aliangalia pembeni.

* * *

Chuoni walitufundisha kwamba ujuzi wa mikono haunakiliki. Walijaribu miaka mingi, wakapata glavu zinazofanya kazi kama mtu anayesoma maelekezo kwa sauti. Kilichowezekana ni kuhamisha. Unaung'oa ujuzi kwenye mikono ya mwenyewe, mzima na mizizi yake, unaupanda kwenye tangi la umajimaji wenye chumvi na umeme mdogo, na glavu zote za ukanda zinanyonya humo. Ujuzi mmoja, vikosi mia. Mikono iliyotoa inabaki mizima, ina nguvu, inaweza kula na kulima na kushika mtoto. Ila jambo lile moja halimo tena.

Kulikuwa na somo moja fupi mwishoni mwa muhula, ambalo mwalimu alilipitia haraka kwa sababu, alisema, halitatukuta. Ujuzi unaitambua mikono ulikotoka. Mwenyewe akivaa glavu, unaanza kurudi. Kifundoni pana taa: kijani, ujuzi uko kwenye tangi, njano, uko njiani, nyekundu, umefika nyumbani, na tangi limekuwa maji ya chumvi tu. Ikiwa njano, ukivua glavu, unarudi tangini. Ikiwa nyekundu, hakuna la kufanya.

Nilimweleza Mzee Shembilu haya yote. Alikuwa anayajua.

"Nilikubali mwenyewe," akasema. "Mwaka ule wa mafuriko mabomba yote ya bonde yalikwenda na maji, kipindupindu kikaingia, mafundi tulikuwa wa kuhesabika. Wakaja wakasema, Shembilu, una mikono miwili tu. Ilikuwa kweli. Nikawapa. Sasa nikipita nikiona watoto wanakinga maji safi shuleni, nafurahi. Sijutii, mwanangu, usiniandike kuwa najuta. Ila zipo asubuhi naota nafunga bomba, nikiamka naishika spana ukutani, naiangalia kama kitu kilichosahauliwa na mgeni."

"Sasa mbona leo?"

"Mama."

Akaendelea akiwa anaangalia rafu.

"Mganga hajigangi. Nimetia maji nyumba za watu mpaka Hale huko. Nyumbani kwa mama yangu maji yako uani, na kila mwaka nilimwambia, mama, mwakani nakuwekea koki jikoni. Halafu nikatoa mikono. Juzi hospitali wametuambia tumrudishe nyumbani apumzike. Unaelewa wanavyosema hivyo."

Nilielewa.

"Kikosi chetu kingeweza kumwekea," nikasema. "Ni kazi ndogo. Naweza kuwaomba leo."

"Walikuja wiki iliyopita, nilikuwa nimewaomba mwenyewe. Yuko kitandani, hana nguvu ya kuinua kikombe, lakini aliwarushia kandambili. Anasema yeye hakuahidiwa na serikali, aliahidiwa na mwanawe."

Nilikuwa na miezi michache tu kazini. Kuna maneno niliyaandika kwenye barua yangu ya kuomba nafasi ile, kwamba teknolojia ni deni kwa mtu, na nilikuwa nayaamini, bado nayaamini. Nilimwangalia mtu ambaye sote tulikuwa tunatembea na mikono yake. Nikainua redio nikamwita Mbwambo.

"Mnamaliza saa ngapi leo?"

"Adhuhuri hivi, dada Somoe," sauti yake ikakwaruza. Walikuwa kwenye kituo kipya cha afya huko bondeni, wakiunga bomba la wodi ya wazazi. "Mikono inakimbia leo. Imeshakula boflo nusu. Kwa nini, unatuletea wali?"

"Mkimaliza mvue glavu mzipumzishe. Nataka kuliangalia tangi mchana."

Nikawaambia viongozi wa vikosi vingine vya ukanda hivyo hivyo. Sikudanganya sana. Nikamgeukia mzee.

"Wakishavua, twende. Lakini taa ikiwa njano, unavua. Hata kama umebakiza kidogo."

"Ikiwa njano, navua."

"Niahidi, mzee."

"Mwanangu, mimi nimekwishaahidi jambo moja tu maishani mwangu, hilo la mama, na hili ni la pili," akasema. "Nakuahidi."

* * *

Nyumba ilikuwa ya matofali ya zamani, na mbele ilikuwa na ua wa mikonge iliyopandwa kama boma. Bi. Mwanahamisi, mama yake Shembilu, walikuwa wamemsogeza na kitanda chake mpaka mlangoni pa jikoni, akiwa ameegemezwa kwenye mito mitatu. Alikuwa mdogo sana kitandani mle. Macho tu ndiyo yalikuwa ya mtu mkubwa.

"Huyu binti ni wa nani?" akauliza.

"Anaitwa Somoe, mama. Ni wa kule Hazina. Kwao Kilwa."

"Kilwa! Ndio waliokuchukulia mikono?"

"Shikamoo bibi," nikasema. "Leo tumemrudishia kidogo."

"Marahaba. Kidogo kidogo ndiyo nini? Wewe ukimwazima mtu mguu, unampa unyayo?"

Shembilu akanikonyeza. Kisha akakaa kwenye kigoda, akazivaa glavu moja baada ya nyingine, taratibu, kama mtu anayeingia kwenye maji asiyojua kina chake.

Sijui niseme nini kuhusu uso wake. Mabega yalishuka. Akafungua na kufunga vidole mara kadhaa, akachukua kipande cha bomba akakigeuza, na bomba lile likawa jepesi mkononi mwake. Nilikuwa nimewaona vijana mia wakivaa glavu zile. Wao walikuwa wanaongozwa na mikono. Huyu alikuwa anakwenda nayo.

"Haya," akasema. "Haya, haya, haya."

Hakugusa futi ya kupimia niliyomletea. Aliinua bomba akalishika pale pale litakapokaa, ukutani, akatia alama kwa msumari.

"Kitu unachoweza kukishika mahali pake usikipime," akaniambia. "Namba zinasahaulika ukishuka ngazi. Bomba halisahau."

Akachana karatasi ya mfuko wa saruji, akaizungusha kwenye bomba, ncha zikakutana sawasawa, akafuata ukingo wake kwa chaki. Mstari ukatoka umenyooka pande zote. Akakata kwa msumeno wa mkono, na nilipopitisha kidole pale alipokata, hapakuwa na mteremko. Akatoka uani, akakata jani la mkonge kwenye boma, akaliparua kwa kisu mpaka nyuzi nyeupe zikabaki, akazianika juani begani mwake huku akilehemu kipande cha shaba. Koki ya barabarani ilikuwa imechoka, kama alivyotabiri, matone yakawa yanakuja. Mkono wake wa kushoto ukanyooka kwangu bila yeye kugeuka.

Nilikuwa nimeuleta. Nikampa mkate.

"Mkate mzuri wa chai huo, unakwenda bombani," Bi. Mwanahamisi akasema kutoka kwenye mito. "Alikuwa ananiibia hivyo hivyo tangu yuko kijana. Namtuma boflo, boflo linakwenda bombani kwa jirani."

"Nilikuwa narudisha nusu, mama."

"Ganda! Ulikuwa unanirudishia ganda!"

Wakacheka wote wawili, yeye kwa kukohoa, mwanawe akiwa na moto wa kulehemu mkononi, na risasi ikakimbia kuzunguka kiungo ikang'aa kama pete. Nilijikuta nacheka na machozi. Nikafikiri, hiki ndicho kitu ambacho hatukuweza kukitia kwenye tangi. Mikono tulichukua. Watu waliokuwa wanaitazama, hatukuwachukua.

Kisha nikaona taa.

Ilikuwa njano. Sijui iligeuka lini. Ilikuwa njano iliyokolea, si ile inayoanza.

Kilikuwa kimebaki kiungo kimoja. Kile cha mwisho, cha meno, pale koki yenyewe inapoingia kwenye bomba la ukutani. Nyuzi za mkonge, za kuziba meno yasivuje, zilikuwa begani mwake bado. Angekimaliza upesi. Na angekimaliza vizuri, na ujuzi wake ungekuwa umefika nyumbani, na mama yake angemwona akiwa mzima kwa siku zilizobaki. Vikosi vilikuwa vimepumzika. Kesho ningesema tangi limeharibika. Matangi huharibika.

Naandika hivi kama ilivyokuwa: nilifungua kinywa, nikakifunga.

Redio ikakwaruza kiunoni mwangu.

"Somoe! Somoe, uko wapi?" Alikuwa Mbwambo, na hakuwa na utani. "Tulikwishamaliza, kiungo cha wodini kikaachia, tumevaa tena. Maji yako sakafuni, kuna kina mama humu, mmoja yuko kwenye meza ya kujifungulia. Lakini mikono imelewa! Kijana wangu ameshika spana, anaitazama tu. Fanya kitu huko kwenye tangi!"

Nilimtazama Mzee Shembilu. Alikuwa amesimama na koki mkononi, nyuzi za mkonge zikiwa tayari kati ya vidole. Alikuwa amesikia. Aliinua kifundo akaiangalia taa, kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika kuiona rangi.

"Mwanangu," akaniambia kwa upole, "ulikuwa umeiona?"

"Nimeiona."

"Ulitaka kuniachia."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Asante," akasema. "Ni zawadi kubwa. Lakini yule kijana ameshika spana anaitazama. Mimi najua anavyojisikia."

Akaiweka koki chini. Akaivua glavu ya kulia, kisha ya kushoto, na alipokuwa anaivua ile ya pili nilimwona akifumba macho, kama mtu anayesindikiza gari kwa masikio mpaka litakapopotea. Akanikabidhi zote mbili. Taa ikapauka, njano, njano hafifu, kijani.

Tulisubiri. Redio ikavuma.

"Imerudi," Mbwambo akasema, akihema. "Imerudi, Mungu mkubwa. Kijana ameshaanza kukaza. Nitakupigia."

Kwenye ukuta bomba lilikuwa limekuja vizuri mpaka mwisho, na mwishoni hapakuwa na kitu, palikuwa na meno tu.

"Basi imeishia hapo," nikasema. "Nitaongea na wakubwa, mzee, nitawaeleza kila kitu. Watanifukuza, lakini labda..."

"Shembilu," mama yake akaita. "Koki yangu iko wapi?"

"Mama, nimevua mikono."

"Hiyo mingine ni ya nani?"

Akaitazama mikono yake, ile mikubwa yenye makovu. Akaiokota koki. Akazichukua nyuzi za mkonge akaanza kuzizungusha kwenye meno, na zilikuwa zinamtoka, zinamnatia, zinajikunja. Ilikuwa vigumu kumtazama. Alipoiingiza koki na kuikaza, nyuzi zote zikajikusanya nje kama ndevu.

"Unazungusha kinyume," Bi. Mwanahamisi akasema.

"Nini?"

"Kinyume! Koki inakwenda huku, nyuzi nazo ziende huku huku, la sivyo koki inazifungua inapoingia. Ulipokuwa unajifunza uliumaliza mpini wa fagio langu kwa kuzungusha nyuzi. Kila ukikosea yule fundi wako alikuwa anakupiga kofi la kisogo, nikawa nakuhesabia kutoka dirishani. Mimi ndiye sijui?"

Shembilu akacheka kidogo, akatoa nyuzi, akaanza upya. Mara ya pili zilikuwa chache mno. Mara ya tatu akazipaka sabuni zisimtoroke, na hiyo sikumwona mtu akimwambia. Sijui ilitoka wapi. Akaikaza koki kwa spana aliyoishika kama mtu anayeogopa kuivunja, ulimi nje, jasho likimtiririka.

"Nenda kafungue barabarani," akaniambia.

Nilikwenda nikafungua, nikarudi mbio.

Bomba lilitoa hewa kwanza, likakohoa, likatema mkate. Kisha maji yakaja, meupe, halafu safi. Kiungo cha mwisho kilikuwa kinavuja. Si sana, tone, kisha kimya, kisha tone.

"Linavuja, mama," Shembilu akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu mdogo kuliko yeye. "Si kazi nzuri."

"Nimeona." Alikuwa amejiinua kwenye mito kwa kiwiko, na hatukujua nguvu ile aliitoa wapi. "Weka sufuria chini yake. Na unipe ya kunywa, ya kokini, usinipe ya sufuria."

Shembilu akamkingia kikombe, akamshika kisogo, akamnywesha. Mama alikunywa taratibu mpaka chini. Alipomaliza hakusema ni tamu wala baridi. Alimshika mwanawe mkono wa kulia, akaugeuza kiganja juu, akautazama pale ambapo spana ilikuwa imemchubua, ngozi imeanza kuinuka lengelenge jipya, jekundu.

"Haya," akasema. "Umeniwekea."